Mchezo Unaoponya: Kwa Nini Kiongozi Wake Asome Kwanza?

Vikundi vyetu vingi vina watu wa michezo. Siku ya baraza la chifu, au Jumapili baada ya ibada, vijana na akina mama hutuonyesha mchezo juu ya ukimwi, juu ya kuchimba choo, au juu ya pombe haramu. Tunacheka na tunajifunza. Hiyo ni kazi njema, na iendelee.

Lakini kuna mchezo wa namna nyingine, ule wa kumtibu mtu aliyeumia moyoni. Hebu fikiria kikundi chenye mama aliyechomewa nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 nchini. Mama huyu halali usiku. Wenzake wanasema, "Wacha tuigize yale yaliyompata, autoe uchungu wote, atapona." Vijana wanaleta mapanga ya mbao, wanapiga kelele, mmoja anawasha majani makavu. Mama anaanza kutetemeka, anakimbia nje, na tangu siku hiyo harudi kwenye kikundi.

Nia ilikuwa njema. Basi kosa lilikuwa wapi?

TIBA HII NI NINI?

Kuna kazi inayoitwa tiba ya maigizo na miondoko. Mtaalamu wake hutumia hadithi, kuigiza, sauti na miondoko ya mwili kumsaidia mtu mwenye shida ya akili au moyo. Husaidia hata wale wasio na maneno ya kueleza shida yao, kama mtoto asiyeongea au mzee aliyepoteza kumbukumbu. Ulimi ukishindwa, mkono na mguu huweza kusema.

Huko Uingereza, mama mmoja aitwaye Marian Lindkvist alianzisha shirika la Sesame mwaka 1964, ili kufundisha njia hii kwa watu wanaohudumia wagonjwa. Baadaye mafunzo hayo yakawa masomo ya chuo kikuu, ya baada ya digrii ya kwanza, katika Central School of Speech and Drama mjini London. Yalichota kwa watu kadhaa: Peter Slade aliyechunguza michezo ya watoto, Rudolf Laban aliyechunguza miondoko ya mwili, na daktari Carl Jung wa Uswisi aliyeandika juu ya ndoto na hadithi za kale.

KUPITIA KANDO

Njia ya Sesame haimwambii mtu aigize jeraha lake mwenyewe. Hupitia kando. Mama aliyechomewa nyumba hataigiza moto ule. Ataigiza, tuseme, hadithi ya ndege aliyepoteza kiota akavuka mto kutafuta mti mwingine. Anaweza kuchagua kuwa ndege, au mto, au mti. Machozi yakija, yanakuja kwa ajili ya ndege, na moyo wake unajua wenyewe yanamhusu nani.

Sisi Wakristo tunaijua njia hii. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, alianza na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja (2 Samweli 12). Hadithi ilipita mahali ambapo lawama isingepita. Tofauti ni kwamba Nathani mwishowe alimwambia Daudi kuwa mtu huyo ni yeye. Mtaalamu wa tiba hii hamnyooshei mtu kidole. Humwacha aone mwenyewe, wakati wake ukifika.

Kikao chake kina hatua tano. Kwanza watu hukusanyika na kila mmoja hueleza amekujaje. Pili huamsha mwili na kuingia polepole katika mchezo. Tatu ni hadithi yenyewe. Nne hutoka katika hadithi, na aliyekuwa simba anauvua usimba wake. Tano hurudi chini kabisa: leo ni siku gani, tuko wapi, nani anarudi nyumbani na nani. Nyanya zetu walijua jambo hili. Walifungua kwa "Hadithi hadithi!", watoto wakajibu "Hadithi njoo!", na walipomaliza walisema wazi kwamba hadithi imeishia hapo. Kile kikundi chetu kiliingia bila mlango na kutoka bila mlango.

WANASOMA NINI?

Uingereza, jina la mtaalamu wa tiba ya maigizo linalindwa na sheria. Hulitumii mpaka umalize shahada ya uzamili iliyokubaliwa na uandikishwe na baraza la kisheria la kazi za afya. Mwanafunzi husoma jinsi akili ya mtu inavyokua na inavyougua. Hufanya kazi na wagonjwa, shuleni au hospitalini, chini ya msimamizi. Tena, yeye mwenyewe lazima aende kwa mtabibu wakati wa masomo. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kidonda asichokijua atakitonesha kwa mgonjwa. Hata akihitimu, huendelea kupeleka kazi yake kwa msimamizi.

Kucheza vizuri, basi, hakutoshi. Sehemu kubwa ya mafunzo ni kujua wakati wa kusimamisha mchezo.

SISI TUFANYE NINI?

1. Tuendelee na michezo ya kuelimisha, nyimbo, ngoma na hadithi. Hizi hutufariji na kutuunganisha.

2. Tusimwigize jirani msiba wake, hata akikubali. Mtu huweza kukubali kwa kuona haya mbele ya wenzake.

3. Mtu akianza kulia au kutetemeka katika mchezo, tusimamishe. Mmoja akae naye, ampe maji, asimwulize maswali mengi.

4. Asiyelala, asiyekula, au anayesema heri afe, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Mtu asibaki naye peke yake nyumbani akikisia la kufanya. Tuombe naye, na pia tumsindikize.

5. Akija mtu kusema anatibu kwa maigizo, tumwulize: Ulisomea wapi? Msimamizi wako ni nani? Umeandikishwa? Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014. Aliyesoma kweli hatakasirika akiulizwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

Je, katika michezo yetu tumewahi kumwumiza mtu bila kujua? Tulimfuata baadaye?

Ni hadithi gani za wazee wetu zinazoweza kumfariji aliyepoteza mali au mtu wake?

Katika kikundi chetu, nani atamsindikiza mgonjwa wa moyo hadi kituo cha afya, na nauli itatoka wapi?