Je, Wajua? Ukali wa pilipili kichaa

Pilipili kichaa, inayolimwa wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, ni ndogo kuliko kidole, lakini ukali wake huweza kupita 50,000 kwa kipimo cha Scoville, kilichobuniwa mwaka 1912 na mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville. Pilipili hoho tamu ni sifuri.

Kinachowasha ni kapsaisini. Wengi huilaumu mbegu, kumbe hutengenezwa katika utando mweupe unaoshika mbegu. Ukikwanguliwa, ukali hupungua sana. Katika mchuzi wa samaki unaoliwa kwa bundu (ugali wa muhogo), pilipili moja nzima yenye kikonyo chake hutosha: huachwa ielee, kisha huopolewa kabla haijapasuka.

Kapsaisini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Kwa hiyo maji hayazimi moto mdomoni. Maziwa hufaa zaidi. Vidole vilivyokata pilipili hupakwa mafuta ya kula, kisha huoshwa kwa sabuni, na havigusi macho wala mtoto mchanga. Wakati wa kuikaanga, dirisha huwa wazi, maana mvuke wake hukohoza nyumba nzima.

Ndege hawausikii mwasho huo; hula tunda na kusambaza mbegu. Tembo huukimbia. Ndiyo maana wakulima wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, si mbali na Nyakiyumbu wilayani Kasese, hutumia pilipili kulinda mashamba: hupakwa kwenye uzio ikiwa imechanganywa na oili chafu, au huchomwa pamoja na kinyesi kikavu ili moshi uwafukuze.