Msoma nyayo za magurudumu Matongo

Kabla mwanafunzi hajapanda ubao, kocha humwaga maji kidogo, hata kikombe hakijai, mwanzoni mwa sakafu. Ubao unapita juu ya maji, unaondoka nayo, na nyuma yake inabaki michirizi ya magurudumu kwenye saruji. Hapo watoto wote wanakimbilia kuinama kabla jua halijaikausha. Wanaisoma kwa sauti, wakikatizana. Hapa bega lilichelewa. Hapa umeogopa. Hapa umekanyaga chini, usikatae, soli yako hii hapa.

Nilikuwa nimekwenda Nyamongo kwa habari nyingine kabisa, ya dhahabu bila shaka, maana mwandishi akitumwa upande ule wa Tarime hatumwi kwa jingine. Habari ile niliiandika, ikatoka, ikasahaulika. Michirizi ndiyo iliyogoma kunitoka kichwani.

Kocha ni kijana wa kata ya Matongo, hukohuko Nyamongo, aliyewahi kubeba zege Kampala. Aliniomba nisimtaje jina. Sakafu anayofundishia iko nje ya ghala la mtu, aliyemruhusu kwa mdomo tu, na ruhusa ya mdomo, anasema, haipatani na gazeti.

Anachofundisha ni sefuskeiti, ndugu ya skeitibodi. Mtindo huu ulipata umbo lake Venice, California, katika miaka ya 1990, mikononi mwa Neil Carver na Greg Falk, wateleza mawimbi waliotaka ubao wa kuwapa hisia za baharini wakiwa barabarani. Siri yake iko kwenye ekseli ya mbele. Inageuka zaidi kuliko ya nyuma, kiasi kwamba mtu akizungusha mwili kwa mpango ubao unakwenda wenyewe, mguu haugusi chini. Ubao mpya wa aina hiyo hupita dola 200 huko Marekani. Wa kocha ni skeitibodi ya mtumba aliyoipata Sirari. Nati ya ekseli ya mbele ameilegeza, ya nyuma ameikaza, na bushi za mbele amezitoa akaweka laini alizochonga kwa kisu kutoka soli ya kandambili. Kandambili zilikuwa zake mwenyewe. Bushi hizo hupondeka mapema, naye anachonga nyingine.

Zoezi la kwanza halina mwendo. Mwanafunzi anapanda ubao kwenye majani, magurudumu yamezama, anakunja magoti na kugeuza kichwa kutazama nyuma ya bega lake. Kichwa kwanza, kisha bega, kisha kiuno. Miguu inafuata bila kuambiwa. Kocha anashikilia kwamba wanaoanza wote hukosea hapo hapo: wanataka kugeuza ubao kwa miguu. Watoto wanachoshwa na zoezi hili, na yeye anawaacha wachoke. Asiyeweza kugeuka amesimama, atageuka vipi anakimbia?

Ndipo yanakuja maji. Ubao ukienda moja kwa moja, magurudumu ya nyuma hupita palepale yalipopita ya mbele, na sakafuni unaona michirizi miwili. Ukikata kona sawasawa, ya mbele hutanuka na ya nyuma hubaki ndani, na miwili inakuwa minne. Kocha anaitafuta minne hiyo. Anapima kwa vidole nafasi kati ya wa mbele na wa nyuma, kushoto na kulia, na mara nyingi hazilingani, kwa kuwa kila mtu ana upande anaouogopa. Mchirizi ukifutikafutika, gurudumu limeteleza, uzito ulikaa vibaya. Ukinyooka katikati ya mawimbi mawili, hapo mtu alisahau magoti. Matongo ni Ukuryani, na mtoto aliyekua akisikia jinsi wakubwa wanavyofuata nyayo za ng'ombe walioibwa hahitaji kufundishwa mara mbili kwamba ardhi inatoa ushahidi.

Nilimuuliza kocha kama mbinu hii ya maji aliiona mahali. Hapana, alisema, ilitokana na kukosa simu ya kurekodia video. Maji yana gharama yake pia: yakiingia kwenye beringi zinashika kutu. Kwa hiyo kila jioni anazifungua, anazifuta kwa kitambaa na kuzitia tone la mafuta ya cherehani. Nilimtazama akifanya hivyo kwa beringi zote nane, bila haraka, akizungusha kila moja sikioni.

Baada ya maji ni chupa. Sita, zimejazwa mchanga, kwa mstari, hatua tatu kutoka moja hadi nyingine. Msukumo mmoja wa mguu unaruhusiwa mwanzoni. Anayekomaa ananyimwa hata huo. Kocha anasimama mwisho wa mstari akiinua vidole, na mwanafunzi lazima ataje idadi huku akipita. Asipoitaja, alikuwa anatazama chupa, na anayetazama chupa huigonga. Mwendo kasi amekataza. Kasi, kwa maelezo yake, inaficha makosa yote hadi siku ya kuanguka. Kuanguka nako kunafanyiwa zoezi: kujikunja, kubingirika, kutotanguliza viganja. Kofia ngumu ni moja, ya bodaboda, na inawapwaya wote.

Ubao kocha alijifunzia Kitintale, Kampala, ambako mwaka 2006 vijana wa mtaani, Jackson Mubiru akiwa miongoni mwao, walianza kujijengea uwanja wa skeitibodi kwa mikono yao. Nairobi nao wana wao, Kangemi, kwenye kituo cha watoto cha Shangilia. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, iliingiza skeitibodi na utelezaji mawimbi kwa mpigo. Matongo ina mgodi wa dhahabu unaojulikana dunia nzima, na vijia vya changarawe ambavyo gurudumu dogo kama hili haliwezi kupita hata hatua moja.

Mgodi hulipa ushuru wa huduma halmashauri na hutoa fedha za miradi ya jamii: madarasa, zahanati, maji. Nani atanyoosha mkono kwenye mkutano wa kijiji aombe sakafu ya kuchezea? Kocha alicheka nilipomuuliza, kisha akauliza kama ningenyoosha wa kwangu. Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Wasichana ni wawili kati ya watoto wanaofika, na mmoja wao ndiye pekee anayemaliza chupa sita bila msukumo. Anakuja siku ambazo kuchota maji kumemwishia mapema. Siku nyingine haji, na hakuna anayekwenda kumuuliza.

Mahindi yakivunwa, ghala litajaa, na sehemu ya magunia itapangwa nje, juu ya sakafu hiyohiyo. Kocha ameshapima kwa hatua kona atakayobakiziwa. Inatosha, anasema, ila chupa itabidi zipungue hadi tatu.