Fahamu: Umefunga SSD mpya, mbona kompyuta haiioni?

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini laptopu nyingi za zamani, kuanzia Kamembe hapa Rusizi hadi Bukavu ng'ambo ya mto, bado zinafaa zikiwekewa diski ya SSD. SSD mpya isipoonekana, usikimbilie kuirudisha dukani. Mara nyingi ni nzima, ila haijaandaliwa. Fungua zana ya Windows iitwayo Disk Management, uianzishe kwa mpangilio wa GPT, maana ule wa kale wa MBR hauvuki terabaiti 2. Unda sehemu mpya, ifomati kwa mfumo wa NTFS, uipe herufi. Hapo tulia kabisa: kufomati hufuta kila kitu. Tazama ukubwa wa diski, uhakikishe hujagusa ile yenye picha za familia. Ukitaka kusakinisha Windows kwenye SSD hiyo mpya, iache tupu. Kisakinishi kitaigawa chenyewe.