Tumbo Lipimwe Kwanza: Bakteria na Minyoo Katika Njia ya Misafara

Agosti 25, 1872, mvumbuzi na mmisionari David Livingstone aliondoka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akielekea kusini pamoja na watu aliotumiwa na mwandishi wa habari Stanley kutoka pwani. Tumbo lilikuwa limemsumbua kwa miaka, na njiani kuhara damu kukamrudia. Mwanzoni mwa Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao walipoufungua mwili ili waukaushe kwa chumvi na jua, walikuta ndani bonge la damu iliyoganda. Wakaubeba hadi Tabora, kisha Bagamoyo, ulikofika Februari 1874.

Wakati ule daktari angepata shida kutaja kiumbe kilichomtesa. Ameba wa kuhara damu alielezwa na Fedor Lösch huko St Petersburg mwaka 1875. Kiyoshi Shiga wa Japani alitambua bakteria wa kuhara damu mwaka 1897. Bakteria wa tumboni, Helikobakta pailori, alifahamika mwaka 1982 pale Robin Warren na Barry Marshall walipomchunguza huko Perth, Australia. Miaka miwili baadaye Marshall alikunywa bakteria hao kwa hiari yake, na baada ya siku chache ukuta wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel.

Leo vipimo vipo, hata hivyo wengi wetu bado tunaishi kana kwamba havipo. Mtu akipata kiungulia, gesi au maumivu chini ya chembe cha moyo, hujiambia ana vidonda vya tumbo, hununua omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, duka la dawa, kisha huendelea na shughuli zake. Dalili hizo zinaweza kuletwa na pailori, na pia na vimelea kama jiadia, ameba, minyoo ya safura au kichocho cha tumbo. Mara nyingine wawili au watatu kati yao hukaa ndani ya mtu mmoja.

Pailori huishi mahali ambapo bakteria wengi hufa. Ana kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia, na amonia hiyo hupunguza ukali wa asidi inayomzunguka. Kisha hujichimbia katika ute unaofunika ukuta wa tumbo. Wengi humpata utotoni, ndani ya familia, na hukaa naye maisha yote bila kuumwa. Kwa baadhi huleta vidonda, na kwa wachache saratani. Ndiyo maana mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa.

Pailori akikaa miaka mingi, anaweza kuwafungulia njia wengine. Asidi ya tumbo huua vijidudu vingi tunavyomeza, vikiwemo vya kipindupindu, na uvimbe wa muda mrefu unaweza kuipunguza asidi hiyo. Kipindupindu nacho kina historia hapa: daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alionyesha katika kitabu chake cha 1876 jinsi kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kilivyofuata njia za misafara. Pailori na safura nao hushirikiana kuumaliza mwili: safura hunyonya damu kwenye utumbo, pailori huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Mama mjamzito mwenye vyote viwili anaweza kumeza vidonge vya kuongeza damu kila siku na bado damu isipande.

Linalonisikitisha zaidi ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Mayai husukumwa hadi kwenye ini, makovu hujengeka, na damu ikikosa njia huvimbisha mishipa ya umio. Siku mishipa hiyo ikipasuka, mgonjwa hutapika damu, na jamaa husema vidonda vimetoboka. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 240 waliovuja damu kutoka sehemu ya juu ya njia ya chakula. Kisababishi kilichoongoza kilikuwa mishipa ya umio iliyovimba. Vidonda vilikuja nyuma yake.

Hapa ndipo Tabora inapoingia. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika mjini mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Mji uliokusanya wapagazi wa misafara sasa unakusanya abiria wa maziwa mawili, Viktoria na Tanganyika, na yote mawili yana kichocho. Kwa hiyo mgonjwa wa tumbo aulizwe amewahi kuishi wapi, amevua wapi, ameoga maji gani. Swali hilo halina gharama, na linaweza kuokoa ini.

Kisha apimwe. Kipimo cha damu cha pailori huonyesha kingamwili, ambazo hubaki hata baada ya bakteria kuisha. Kipimo cha choo kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe hueleza hali ya sasa, mradi mgonjwa awe ameacha omeprazoli kwa wiki 2 na antibiotiki kwa wiki 4. Choo hichohicho kiangaliwe kwa hadubini. Mayai na vimelea havitoki kila siku, hivyo sampuli za siku tatu tofauti ni bora kuliko moja.

Kubahatisha dawa kuna madhara yanayodumu. Metronidazoli, ambayo wengi huijua kama Flagyl, hutibu ameba na jiadia, na pia hutumika dhidi ya pailori. Kila tunapomeza vidonge vichache kwa kuhara kusikopimwa, pailori aliyemo tumboni hujifunza kuihimili. Siku akihitaji kutibiwa kweli, dawa imeshachoka. Prazikwanteli hutibu kichocho, albendazoli hutibu safura. Hakuna kati ya hizo mbili inayoondoa pailori, na omeprazoli peke yake haiui mnyoo hata mmoja.

Mwaka 2021 mradi mkubwa wa maji ya Ziwa Viktoria ulizinduliwa kwa ajili ya Tabora, Nzega na Igunga. Maji safi ni nusu ya tiba, pamoja na vyoo, sabuni na viatu. Nusu nyingine iko mikononi mwetu: tusikubali tumbo lipewe dawa kabla halijapimwa. Ukifika dirisha la maabara, omba kipimo cha choo, na umweleze daktari ulikotoka.