Kroenke, toa chapaa! Na Ingwe je, nani aitolee?

Ukitaka kujua ni tajiri gani wa soka anayelaaniwa zaidi wiki hii, usisumbuke na magazeti ya London. Njoo Busia Jumamosi jioni. Ingia kibanda chochote cha mpira pale Marachi au Burumba, lipa thelathini yako mlangoni, sogeza mtu kwenye benchi ukae, kisha ngoja timu moja kubwa ifungwe. Kabla refa hajapuliza kipenga cha mwisho, atakuwa ashasimama jamaa mwenye jezi aliyoinunua soko la Sofia, ng'ambo kule upande wa Uganda, kwa bei ya kutupa. Anakinyooshea kidole skrini. Kosa si la kipa wala la kocha. Kosa ni la mwenye klabu. Mchoyo! Atoe pesa!

Mabishano haya yako kila mahali, lakini hapa mpakani yana chumvi zaidi. Busia ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, enzi za vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na hadi leo ukikaa kibandani unabishana na watu wa nchi mbili kwa tikiti moja. Kando yako kuna msee wa boda wa Arsenal. Nyuma kuna Mganda aliyevuka na matoke asubuhi, shabiki wa Man U wa kufa na kupona. Ukienda Malaba unaongeza madereva wa trela waliokwama kwenye foleni, na hao wana muda wote duniani wa kubishana. Nimekaa kwenye vibanda hivi miaka mingi, nimepiga kelele kama wengine, na kwa muda sasa kuna jambo linanikera kuhusu kelele zetu wenyewe.

Kwanza tuwape mashabiki haki yao. Hawaropokwi tu.

Chukua Arsenal. Stan Kroenke alianza kununua hisa 2007, akapata sehemu kubwa 2011, na 2018 akaimeza klabu yote. Miaka hiyo Wanabunduki walikuwa wanalipia uwanja wa Emirates waliohamia 2006, na nyota walikuwa wanauzwa kama ng'ombe wa siku ya soko. Julai 2019 makundi ya mashabiki yalitoa barua ya pamoja kumuuliza mwenye klabu kama anajali hata kidogo. Aprili 2021, ile kashfa ya Super League ilipolipuka, watu walijaa nje ya Emirates wakimwambia auze aende zake. Kisha angalia kilichofuata. 2023 klabu hiyo hiyo ilimnunua Declan Rice kwa pauni milioni 100 na nyongeza juu. Majira ya joto ya 2025 ilimwaga zaidi ya pauni milioni 200. Kwa hivyo wanaosema kelele zilisaidia wana hoja. Shida ni kwamba 2023, 2024 na 2025 Arsenal walimaliza wa pili, wa pili, tena wa pili. Jamaa wa boda akikumbushwa hilo hunyamaza kidogo, kisha anasema bado straika mmoja tu.

Man U ndiyo kesi tamu zaidi, maana pale pesa zilitoka kwelikweli na bado nyumba ikaungua. Familia ya Glazer iliinunua klabu 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo uliobandikwa mgongoni mwa klabu yenyewe. Yaani unanunua pikipiki kwa deni, halafu pikipiki ndiyo inalipa. Hasira ya mashabiki wa Manchester imetoka hapo, na ni hasira halali. Mei 2021 waliingia uwanjani Old Trafford hadi mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Lakini usiseme hawakununua wachezaji. Walimleta Antony 2022 kwa zaidi ya pauni milioni 80, na wengine wengi wa bei ya kuumiza kichwa. Msimu wa 2024/25 wakamaliza nafasi ya 15, wakafungwa na Tottenham kwenye fainali ya Europa. Chelsea nao, baada ya Todd Boehly na wenzake kuingia 2022, walimnunua Enzo Fernandez kwa zaidi ya pauni milioni 100, na msimu huo huo wakamaliza wa 12.

Leicester walikuwa mabingwa 2016 na kikosi ambacho bei yake yote isingetosha kumnunua Enzo mmoja. Hiyo ndiyo karata ambayo wapinzani wa kumwaga pesa huitupa mezani, na kila mara inajibiwa kwamba muujiza si mpango.

Halafu kuna jambo ambalo kibandani halitajwi kabisa: hata tajiri akitaka, kanuni zilikuwa zinamfunga mkono. Ligi ya Uingereza iliweka kikomo cha hasara, pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Ukipita unakatwa pointi. Novemba 2023 Everton walikatwa 10, wakakata rufaa zikapunguzwa hadi 6. Nottingham Forest wakakatwa 4 Machi 2024. Kwa hivyo ukimfokea mwenye klabu atoe pesa zaidi, wakati mwingine unamwomba aishushe timu yako kwenye jedwali.

Sasa Everton wametufikisha nyumbani.

Wakumbuka jezi zao za 2017, zilizoandikwa SportPesa kifuani? Kampuni hiyo hiyo ilikuwa kifuani mwa Gor Mahia na AFC Leopards, na ndiyo iliyobeba jina la ligi yetu. Julai 2017 Everton walikuja Dar es Salaam, wakawafunga Gor 2-1, Wayne Rooney akatupia moja. Julai 2019 wakaja Kasarani, Kariobangi Sharks wakawatoa kwa penalti, na nchi nzima ikajiona imefika Ulaya. Mwezi huo huo leseni ya kampuni hiyo ya kamari ikakataliwa, na Agosti ikaondoa udhamini wake wote wa michezo Kenya. Everton walitafuta mdhamini mwingine. Gor na Ingwe walianza kutafuta mishahara.

Kilichofuata kila shabiki wa Kenya anakijua, ila tunapenda kukisahau. Desemba 2019 kocha wa Leopards, Casa Mbungo, aliondoka kwa sababu ya mishahara. Desemba 2020 Gor walifika Algiers saa chache tu kabla ya kucheza na CR Belouizdad katika Ligi ya Mabingwa Afrika, miguu mizito ya safari, wakachapwa 6-0. Baadaye FIFA ikazifungia klabu zote mbili kusajili kwa sababu ya madeni. Nyuma ya kila deni kuna kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye nyumba anagonga mlango, na Jumapili anatakiwa akimbie dakika tisini huku sisi tukimwita mvivu.

Sasa niulize swali lililonifanya niandike haya. Arsenal ikikosa straika tunamtukana Kroenke. Leopards ikikosa mishahara tunamtukana nani?

Hapo ndipo kibanda hunyamaza, maana Ingwe haina Kroenke. Ilizaliwa 1964 kama klabu ya Abaluhya, timu ya watu wetu wa huku, kutoka Bukhayo hadi Maragoli, na mwenyewe ni mwanachama. Gor Mahia vivyo hivyo. Wazee wetu wanahadithia miaka ya 1982, 1983 na 1984, Leopards walipobeba kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo. Taji la ligi mara ya mwisho ni 1998. Wengi wa tunaosoma ukurasa huu hatukuwa tumezaliwa, ama tulikuwa tunanyonya. Na katika miaka hiyo yote mwenye klabu ni mimi na wewe, tunaomdai bwanyenye wa Marekani atoe mkwanja kwa ajili ya jiji ambalo tumeliona kwenye skrini tu.

Usiniambie hatuna pesa. Msimu uliopita nilikuwa kibandani, mechi kubwa, malipo ya king'amuzi yakawa yameisha. Skrini nyeusi. Mwenye kibanda akashika kichwa. Hakuna aliyetoka. Mtu alivua kofia, ikazunguka mabenchi, hamsini huku, mia kule, Mganda akatupa noti ya kwao bila kuuliza chenji, na kabla timu hazijamaliza kupasha misuli picha ilikuwa imerudi. Ile harambee ilikuwa ya dakika kumi. Na hela ile, ukiifuata mahali inakoelekea, sehemu yake inaishia Uingereza, kwa sababu haki za matangazo ndizo zinazowanenepesha hao matajiri tunaowaita wachoyo. Kwa maneno mengine Kroenke tunamchangia. Ingwe tunaisubiri ipate mdhamini.

Lakini ngoja, nisiwe mnafiki. Shabiki atakuuliza: nikilipa uanachama, hela inaenda wapi? Ni swali zuri. Klabu za wanachama Kenya zimejaa ugomvi wa uchaguzi na kesi kortini, na mtu anayehesabu sarafu za boda ana haki ya kuogopa kuzitupa kwenye shimo. Ndiyo maana wengi sasa wanasema bora aje mwenye pesa zake, aiendeshe kama biashara.

Na mifano iko karibu. Vuka tu mpaka. Huko Uganda kuna Lawrence Mulindwa, aliyewahi kuwa rais wa shirikisho la soka la nchi hiyo, mwenye shule ya St. Mary's Kitende. Aliichukua timu iliyoitwa Bunamwaya, ikawa Vipers, akaijengea uwanja wake pale Kitende ambao hata timu ya taifa imewahi kuutegemea. 2022 Vipers waliwatoa TP Mazembe kwa penalti na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. 2025 wakawa mabingwa wa Uganda tena. Mganda wetu wa matoke humtaja Mulindwa kwa fahari kama mtu anayetaja mjomba wake. Kwangu mimi cha maana pale ni ule uwanja. Mshambuliaji wa bei mbaya anaweza kuvunjika goti Novemba. Uwanja unabaki, hata tajiri akichoka.

Upande wa pili kuna Simba ya Tanzania, waliochagua njia ya kati: mwaka 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20 za huko, wanachama wakabaki na 51. Mchakato umevutana kwa miaka na maneno hayajaisha, lakini 2025 Simba walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Yanga walikuwa wamefika fainali hiyo hiyo 2023. Sisi Kenya tangu Gor watwae Kombe la Washindi 1987 tunaishi kwa kumbukumbu.

Kwetu tumejaribu pia, tusijidharau. Elly Kalekwa aliipandisha Sofapaka Ligi Kuu, na msimu wa kwanza tu, 2009, ikawa bingwa. Haijarudia. Hapo Kakamega, Cleophas Shimanyula maarufu Toto aliikuza Homeboyz mpaka 2022 ikalikosa taji kwa tofauti ya mabao tu na Tusker, kisha 2023 ikabeba kombe la FKF. Na bingwa wa 2025? Kenya Police, timu ya askari. Siwalaumu, mishahara inaingia mwisho wa mwezi na hiyo peke yake ni silaha. Ila mashabiki wao ukiwatafuta huku Busia utatembea sana.

Busia yenyewe haina timu Ligi Kuu. Mipira na jezi za vijana huku huletwa na wanasiasa kura zikikaribia, tunapiga picha, mashindano yanapewa jina la mheshimiwa, na baada ya kura ule mpira ukipasuka umepasuka. Huo nao ni uwekezaji, nadhani.

Jumamosi iliyopita wakati wa mapumziko nikaamua kuwachokoza. Nikauliza: tajiri akija leo na pesa zake, Ingwe tumuuzie asilimia 49 kama Simba? Kelele zikalipuka. Vijana karibu wote walisema auziwe hata kesho, mshahara ulipwe, mambo yasonge. Mzee mmoja karibu na mlango, baba ambaye huja na kiti chake mwenyewe, akasema klabu ni kama shamba la ukoo. Ukishauza kipande, mnunuzi ndiye atakayekuonyesha mpaka uko wapi. Msee wa boda akamjibu kwa heshima kwamba, baba, shamba lisilolimwa linaota magugu. Watu wakacheka, hata mzee.

Nikauliza swali la mwisho: nani humu ndani amelipia uanachama wa Leopards mwaka huu? Mzee akainua mkono. Nikatazama mabenchi yote, nikaangalia na mikono yangu mwenyewe iliyokuwa imeshika karanga. Kisha timu zikarudi uwanjani, na mtu wa mbele akapaza sauti tukae chini, tunamziba.