Je, Wajua? Kuzaliwa Talai Lilikuwa Kosa

Kabla ya majani chai kutawala vilima vya Kericho na Bomet nchini Kenya, watu wa kabila la Wakipsigis waliutegemea ukoo wa Talai kwa utabiri, baraka na ushauri wa vita. Wakoloni Waingereza wakawaita watu wa ukoo huo wachawi na wachochezi. Mwaka 1934 walitunga sheria mahususi ya kuwaondoa. Watu wapatao 700, wake kwa waume, watoto kwa vikongwe, walihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Waliozoea baridi ya nyanda za juu walikumbana na joto, malaria na mbung'o. Walirudi uhuru ulipokaribia, ila ardhi yao iliyotwaliwa haikurudi. Mwaka 2021, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliikosoa Uingereza kwa kutowalipa fidia.