Mirija ya hewa ya nzi na safari za protini

Nzi wa matunda hana mapafu. Hewa humwingia kupitia matundu madogo ubavuni, ikapita katika mirija inayogawanyika mara nyingi mpaka kuifikia misuli, utumbo na ubongo. Mirija hiyo hujengwa ndani ya yai, ambalo huanguliwa baada ya siku moja hivi. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuona jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: jeni kufanya kazi hakutoshi kujenga kiungo. Protini iliyotengenezwa kwa maelekezo ya jeni lazima ifike mahali pake, tena kwa wakati wake.

Ujenzi huanza na vikundi 10 vya seli kila upande wa kiinitete, kila kikundi kikiwa na seli 80 hivi. Vikundi hivyo hubonyea kuelekea ndani, hutoa matawi, na matawi ya jirani huungana. Baada ya hapo seli hazigawanyiki tena. Kwa hiyo mrija unaponenepa, haunenepi kwa kuongezewa seli. Seli zilezile ndizo zinazobadilika umbo.

Ni nini kinachozibadilisha? Mwaka 2007, kundi la Christos Samakovlis la Stockholm, Sweden, lilionyesha kwamba kazi hiyo huenda kwa mawimbi. Kwanza seli humwaga protini nyingi kwa pamoja katika uwazi wa mrija, na muda mfupi baadaye mrija hupanuka. Katikati yake hutanda nyuzi za kaitini, dutu ileile iliyomo katika ganda la mende. Kisha mambo hugeuka: seli huanza kuzimeza zile protini zilizokwisha kumwagwa, uwazi ukasafika. Mwisho maji huondolewa, hewa ikajaa, na buu akawa tayari kutoka. Mtoto wa binadamu naye hukabiliwa na jambo la aina hiyo anapozaliwa, kwa kuwa mapafu yake yamejaa majimaji ambayo lazima yaondoke ili apumue.

Sasa tuingie ndani ya seli yenyewe. Protini nyingi zinazokusudiwa kutoka nje hutengenezwa kwenye mtandao wa utando uitwao retikulamu ya endoplazimu. Kama kifurushi kinachopakiwa kwenye basi la mkoani, protini ya aina hiyo hubeba anwani yake, na Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuigundua. Protini nyingine ndogo, Sar1, hujichomeka kwenye utando na kuwaita wenzake Sec23 na Sec24; kwa pamoja huukunja utando mpaka kifuko kikatike na kuondoka na mzigo wake. Kifuko huelekea Golgi, ambako protini hurekebishwa na kupangwa, kisha vifuko vingine huipeleka ukingoni mwa seli. Jeni nyingi za njia hii Randy Schekman wa Marekani alizipata kwa kuchunguza hamira, hiyohiyo inayoumua maandazi. Mwaka 2013 alishiriki Nobel na James Rothman na Thomas Südhof.

Hamira, hata hivyo, ni seli moja moja. Haina mrija wala kiungo. Ndiyo maana nzi huyu, ambaye asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, ana thamani kubwa. Jeni ya Sar1 ikiharibika, kiinitete hakifi papo hapo, kwa kuwa mama ameweka akiba ndani ya yai. Akiba inapopungua, protini hukwama ndani ya seli na mirija hubaki myembamba. Kasoro nyingine huleta kinyume chake. Serpentine na Vermiform ni vimeng'enya vinavyomwagwa ndani ya mrija ili kuirekebisha kaitini. Visipokuwepo, mrija hurefuka kupita kiasi na kujipindapinda. Ukubwa wa kiungo, basi, unategemea pia kile seli inachokitoa nje.

Nzi ana jeni moja tu ya Sec23; binadamu ana mbili, na kuharibika kwa kila moja huleta ugonjwa wake. Mwaka 2006 hitilafu ya SEC23A ilitambuliwa katika familia moja ya Saudi Arabia: utosi wa watoto unachelewa kufunga, mifupa ya uso ina kasoro, na jicho linapata mtoto wa jicho. Kolajeni, protini ya mifupa na ngozi, hurundikana ndani ya seli badala ya kutoka. Hitilafu ya SEC23B husababisha aina ya upungufu wa damu wa kurithi.

Kolajeni ina tatizo lake la pekee. Ina urefu wa nanomita 300 hivi, ilhali kifuko cha kawaida hakifiki 100. Inapakiwaje? Sehemu ya jibu ilitoka kwa nzi. Mwaka 2006 watafiti walizima jeni za seli za nzi moja baada ya nyingine na kupata TANGO1. Mwaka 2009 ikabainika kwamba kwa wanyama wenye mifupa protini hiyo husaidia kupakia kolajeni.

Binadamu ana jeni mbili za Sar1 pia. Moja, SAR1B, ikiharibika, seli za utumbo hushindwa kuyatoa mafuta ya chakula kwenda mwilini. Mtoto huharisha, hakui, na kukosa vitamini E kunaweza kumdhuru neva baadaye. Ugonjwa huu ni nadra, lakini una msaada: chakula chenye mafuta kidogo, pamoja na nyongeza ya vitamini zinazoyeyuka katika mafuta, hasa E. Ukitambuliwa mapema, kuharisha hupungua na mtoto huanza kuongezeka uzito, ingawa jeni yenyewe haijaguswa.